Suruali ya Kahawia

Simu ile niliinunua Kitale mapema mwaka 2012, nikirudi Lodwar na mzigo wa viazi. Muuzaji aliniwekea programu ya kutafsiri bila mimi kuomba. "Mzee, na hii utaongea hata na Wachina wa barabara," aliniambia. Sikuwa na neno lolote la kuwaambia Wachina. Lakini kule Kakuma nilikuwa na mteja ambaye tulifanya biashara kwa vidole na kukunja uso, na nilikuwa nimechoka.

Nilikuwa dereva wa pikapu ya mtu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekata maua Naivasha, nimebeba magunia Mombasa, nimeuza mitumba Isiolo, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Turkana nilikuja kwa safari moja tu, kuleta mabati. Nikaona samaki wakikauka kwenye mchanga kule Kerio, nikamkumbuka mama yangu akigeuza omena wake juani, nikabaki. Kazi yangu ikawa kuchukua samaki wakavu kutoka ziwani, kuwalaza Lodwar, kisha kuwapeleka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Wakongo wa kambini waliwanunua kana kwamba wametumiwa na watu wa kwao.

Wakongo wengi wa Kakuma wana Kiswahili chao, kitamu kama wimbo, na tulielewana. Yule mteja hakuwa nacho. Alitoka upande wa mbali wa nchi yao, kwenye mto mkubwa, ambako Kiswahili hakikufika. Alikuwa na Kilingala na Kifaransa, na mdomo. Alikuwa mwanamke mnene, mweusi tii, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kama ngome, na aliuza samaki wangu kwa wenzake kwa bei aliyoijua yeye na Mungu wake.

Programu ilifanya kazi hivi. Yeye aliweza kuongea Kifaransa moja kwa moja kwenye simu, ikamsikia, ikaandika maneno yake, kisha ikayatoa kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilitoka kwa sauti ya chuma, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Kiswahili changu haikuweza kukisikia, ilinibidi kuandika. Lakini Kifaransa ilikitoa kwa sauti laini ya mwanamke, kama yule anayetangaza ndege uwanjani. Kwa hiyo yeye alinitukana kwa sauti ya pipa, na mimi nilimjibu kwa sauti ya uwanja wa ndege.

"Samaki hii alikufa kabla ya Yesu," simu iliniambia siku ya kwanza.

Mpakiaji wangu alicheka hadi akaketi juu ya gunia. Alikuwa Mturkana wa upande wa Lopur, mtu mzima wa rika langu, mrefu, mwenye kelele, na Kiswahili alikitumia alivyotaka. "Ejok! Poa! Hiyo simu nunua ingine ya bibi yako," alisema. "Angalau hii inakuambia ukweli."

Ndivyo tulivyoishi na yule mama kwa miezi. Sikuwahi kumjua mume wake zaidi ya kumwona kwa mbali, amekaa kwenye kivuli cha nyumba yao, ameegemea ukuta.

Asubuhi moja, kabla sijamaliza kupakia samaki, jirani yangu wa ploti tuliyopanga pale Lodwar alinijia mbio. Alikuwa muuguzi hospitalini, mwenzangu wa kutoka "Kenya", kama watu wa kule wanavyouita upande wote wa kusini. Alikuwa bado na sare yake.

"Baba, ile simu yako ya Kifaransa iko na chaji?"

"Iko. Kuna nini?"

"Kuna mama ameletwa jana kutoka Kakuma, peke yake. Anakataa kuingia thieta kupasuliwa na hakuna anayemwelewa. Daktari ni wa kuja na kuondoka, kesho asubuhi anarudi Eldoret na ndege. Twende."

Nilimkuta amelala kitandani, amekunja magoti. Ni yule mama wa samaki. Bila kile kitambaa kichwa chake kilionekana kidogo, nikaona aibu kumtazama, kama nimeingia chumbani kwake. Aliponiona alinyoosha mkono, si kwangu bali kwa simu.

Muuguzi alinieleza upesi. Tumboni mwake mlikuwa na uvimbe ambao ungeweza kupasuka wakati wowote, na ukipasuka hapo kitandani, baada ya daktari kuondoka, hakuna ambalo mtu yeyote Lodwar angeweza kufanya. Walikuwa wamemwonyesha kwa mikono mahali pa kukatwa. Alikuwa amesukuma mikono yao.

Nilimshikia simu mdomoni. Aliongea polepole, akikatisha kila maumivu yalipokuja. Sauti ya pipa ikasema, "Mimi si kuingia mahali pa kisu bila mume wangu kuwa hapa."

Niliandika kwamba mume wake yuko mbali, kwamba daktari hana muda, kwamba anaweza kukubali mwenyewe. Simu ikamwambia kwa adabu yake yote. Alitikisa kichwa. "Katika njia ya kukimbia sisi kuzika watu bila kujua majina," ikasema simu. "Kama mimi kufa hapa, nani kusema mimi ni nani?"

Hilo halikuhitaji kunyooshwa. Nilimgeukia muuguzi.

"Kakuma nitafika saa saba, saa nane hivi," nilisema. "Mume wake atakuwa hapa jioni."

"Bila kibali hataruhusiwa kutoka kambini. Nakupa barua ya ofisi. Na jioni iwe jioni, baba. Daktari nitamshika hata kwa koti, lakini hatanisubiri usiku kucha."

Nilimwandikia yule mama kwamba nakwenda kumleta mumewe. Aliisikiliza sauti ya uwanja wa ndege, akafumba macho. Halafu, nilipokuwa nageuka, akanivuta shati, akaivuta simu tena, akasema maneno mengi kwa mkupuo mmoja. Simu ilifikiri kidogo, ikasema:

"Sema kwa huyo mvivu hakuna kuja na suruali ya kahawia. Yeye inaonekana kama mwizi wa mbuzi. Sufuria kubwa hakuna kukopesha mtu. Na kama yeye alikula samaki ya kuuza, mimi nitajua."

Muuguzi alishika mdomo. Mimi nilifunga simu nikaitia mfukoni. Nilidhani ni maumivu na dawa vinaongea. Na hata kama ni yeye, kwetu mjumbe huchuja. Hutoki kwa mgonjwa anayengoja kisu ukamfikishia mumewe habari za suruali.

Tuliondoka na samaki wale wale, kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kuwashusha. Niliwafunika kwa turubai nikalikaza kwa kamba. Barabara ya Lodwar kwenda Kakuma wakati huo ilikuwa imekufa. Sehemu nyingi tuliiacha tukaenda pembeni kwenye mchanga, kati ya vichaka vya mathenge. Mpakiaji aliishika simu, akiangalia mtandao ukipungua mpaka ukaisha.

"Huyu mume utamwambia nini?" aliuliza.

"Nitamwambia pole pole. Asishtuke."

"Sawa. Wewe mtu wa kanisa, unajua kuongea."

Tulimkuta mume amesimama mlangoni, kana kwamba alikuwa anangoja gari. Walikuwa wamehamishiwa sehemu mpya ya kambi, kati ya Wasudani, na nyumba yao ilikuwa ya matofali ya udongo yenye bati jipya. Mtu mwembamba, mpole wa macho. Na alikuwa amevaa suruali ya kahawia, fupi, inayoonyesha vifundo vya miguu. Niliitazama kisha nikaondoa macho haraka.

Mtandao ulikuwapo, mwembamba kama uzi. Nilisimama kwenye jua nikaandika kwa uangalifu, nikichagua kila neno: "Habari za mchana, kaka. Mimi ni rafiki wa nyumba yako. Usiwe na wasiwasi. Mama yuko hospitalini Lodwar. Anaumwa kidogo, lakini anaangaliwa vizuri. Tafadhali njoo pamoja nasi sasa hivi."

Simu ikamwambia kwa sauti ile laini. Aliisikiliza mpaka mwisho. Hakuniangalia mimi. Aliangalia pikapu, nyuma, kule kwenye turubai. Akaanza kwenda huko, hatua za mtu anayevuka maji asiyoyajua. Akashika pembe ya turubai, akaiinua.

Waliokuwamo ni samaki. Aliwatazama kwa muda. Kisha akaliachia turubai, akarudi mpaka mlangoni, akaketi chini kwenye mchanga, akavua viatu.

"Huyu anafanya nini?" mpakiaji aliniuliza.

"Sijui."

Yule bwana alinyoosha mkono akaomba simu. Aliongea neno fupi. Sauti ya pipa ikauliza: "Nani alikuwa pamoja naye?"

Nikafurahi kwamba anauliza. Niliandika: "Hakuwa peke yake. Muuguzi mzuri sana alikuwa karibu naye. Hata mimi nilikuwapo."

Alipolisikia hilo aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Sauti iliyotoka kifuani mwake haikuwa kilio bado. Ilikuwa ile inayotangulia kilio. Mwanamke Msudani wa nyumba ya pili alikuwa akichota maji; alimwona, akaweka mtungi wa plastiki chini, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Yowe lile likajibiwa kutoka mlango mwingine. Na mwingine.

Hapo ndipo nilipoelewa anachofikiri. Nilipiga magoti mbele yake, nikaandika kwa vidole vilivyokosea herufi: "Hajafa. Yuko hai. Anakungoja." Simu ikasema. Akanishika mkono, akaupapasa, kama vile mimi ndiye wa kufarijiwa. Nikaandika tena: "Ni kweli kabisa. Yuko hai. Twende umwone." Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakishuka, akabaki ameketi pale pale.

Nilijaribu kumpigia muuguzi. Sauti ya kampuni ikaniambia mteja hapatikani. Nikajaribu tena. Hapatikani.

Watu walikuwa wanakuja. Wanawake waliketi upande mmoja wamejifunga vitambaa, wanaume wakasimama upande mwingine. Mtu alileta jerikeni la maji. Mwingine akaleta kiti kimoja cha plastiki, akakiweka katikati, kisha hakuna aliyekikalia. Msiba ulikuwa unajengwa mbele ya macho yangu, nami ndiye niliyeleta mbao.

Halafu akafika pasta. Alikuwa Mkongo wa mashariki, mwenye Kifaransa na Kiswahili vyote viwili, na nilipomsikia akinisalimia kwa Kiswahili nilitaka kumkumbatia. Nilimweleza yote, tangu asubuhi. Nilimwonyesha barua ya hospitali. Alikisoma kile Kiingereza kwa kidole, akafika mahali pasemapo ndugu wa karibu afike bila kukawia, akaikunja. Akanishika bega, akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni pasta. Hii kazi niliifanya mara mingi. Yeye umufiche, ni muzuri, umefanya muzuri. Lakini mimi unambie. Alikufaka saa ngapi?"

"Pasta, hajafa!"

"Ndiyo. Tuko pamoja. Saa ngapi?"

"Nimemwacha asubuhi anaongea!"

"Asubuhi," alisema, akainamisha kichwa, kama mtu aliyepewa jibu.

Mpakiaji alikuwa ametufuata. Alinitazama kwa jicho la upande. "Buda," alisema, "hata mimi sasa naanza kuamini huyu mama amekufa. Na nilikuwa Lodwar na wewe."

Nilikwenda nikaegemea pikapu. Bati la mlango lilichoma mgongo na sikujali. Jua lilikuwa limeshavuka. Ofisi ya vibali ilikuwa inakaribia kufungwa, na kule Lodwar mtu alikuwa amekunja magoti kitandani akiangalia mlango. Na mimi kila nilichosema kilimzika.

Nikaikumbuka safari yangu mwenyewe. Nilikuwa Naivasha, kwenye maua, wakati kaka yangu alipopiga simu kwenye ofisi ya msimamizi. "Mzee ameshikwa kidogo," alisema. "Si jambo kubwa. Njoo tu, ndugu yangu." Nikapanda basi. Njiani nilinunua machungwa, kwa kuwa baba alipenda machungwa akiwa mgonjwa. Nilipofika niliona turubai uani na viti, na wanawake jikoni kwa mama, na mtu fulani akanipokea yale machungwa mkononi akaenda akawagawia watu. Kwa miaka nilijiuliza ni wapi ningeweza kujua mapema. Sasa, nimeegemea lile bati, nikajua. Kaka yangu hajawahi kuniita ndugu yangu. Tangu utotoni ananiita kichwa cha panya, mtu wa barabarani, mbwa asiye na boma. Siku ile tu alinisemesha vizuri.

Na mimi nilikuwa nimekuja kwa huyu bwana na "habari za mchana, kaka".

Nilirudi nikipita kati ya watu. Mtandao ulikuwa umekatika kabisa. Simu isingeweza kutamka kitu. Lakini programu ile ilikuwa na tabia ya kuweka chini ya ukurasa kila kilichopita ndani yake. Nilishuka kwa kidole: maneno yangu ya huruma, moja baada ya jingine, kisha maneno ya hospitalini. Nikayapata. Juu, Kifaransa alichokisema mwenyewe, kama simu ilivyokisikia. Chini, kile Kiswahili cha pipa. Nilichuchumaa nikamwekea simu mbele ya uso.

Hakutaka kuiangalia. Nilimshika kidevu kama mtoto, jambo ambalo hulifanyi kwa mwanamume mbele za watu, na watu wakanung'unika. Nikaigonga simu kwa ukucha. Soma.

Akasoma. Midomo yake ilikwenda bila sauti. Alifika mahali akasimama, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akateremsha macho polepole, akaiangalia suruali yake.

Sijui niite nini kile alichokifanya. Kilianza kama kikohozi. Alisema neno moja kwa Kilingala, akaligonga paja lake, akalisema tena kwa nguvu, na machozi yale yale yaliyokuwa yanashuka yakaendelea kushuka lakini uso uliokuwa chini yake ukawa mwingine. Pasta akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyosoma. Alisoma kimya. Akakunja midomo. Akasoma tena.

"Pasta, inasema nini?" mtu aliuliza.

"Hii siwezi soma mbele ya wamama," alisema. Kisha akanigeukia. "Ndugu, mbona hii hukuileta ya kwanza? Hakuna mashine inaweza kutengeneza huu mudomo. Huyu mama ni muzima!"

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo, lakini si mbio nilivyotaka. Bwana yule alisimama, nikamvuta kwenda garini, akajinasua akaingia ndani. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Alitoka amevaa suruali nyeusi ya kanisani yenye mikunjo, akafunga mlango, halafu badala ya kuja kwangu akavuka hadi kwa yule Msudani aliyepiga yowe la kwanza. Waliongea kwa mikono. Mama yule aliingia kwake akatoka na sufuria kubwa nyeusi, akayamwaga kwenye beseni maharagwe yaliyokuwamo, akampa.

"Aliikopesha!" mpakiaji alisema. "Huyu mtu atakufa yeye."

Ofisini tulimkuta karani ameshatia kufuli. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Tomorrow," alisema bila kututazama.

Nilianza kumweleza, na yeye alikuwa anatikisa kichwa tangu neno la kwanza. Kisha akaacha kutikisa. Alikuwa anaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Wale waombolezaji walikuwa wametufuata, wote, wanawake wamejifunga vitambaa vile vile, pasta mbele, na hata kile kiti cha plastiki kimebebwa na mtu.

"Poleni," karani alisema, akavua kofia. "Ni nani amefariki?"

"Hakuna," mpakiaji alimjibu. "Lakini usipoufungua huo mlango, hawa wataketi hapa kungoja."

Karani aliangalia kiti. Akafungua kufuli. Barua ya hospitali aliisoma, akaipiga muhuri, akampa kibali, na wakati wote mwanamke mmoja dirishani alikuwa anamwombea baraka kwa Kiarabu cha Juba, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwonya.

Tulitoka Kakuma jua likiwa limelegea. Kwenye laga ya Tarach, mto wa msimu wa mvua tu, mchanga ulikuwa mkavu, tukavuka bila kushuka. Simu ilikuwa imezima. Sikuwa nimeichaji tangu asubuhi. Hapakuwa na neno ambalo ningeweza kumwambia jirani yangu wa kiti, wala yeye mimi. Alikaa katikati yetu amepakata sufuria.

Na hapo ndipo hofu yangu halisi ilipoanza. Kambini nilikuwa na hakika. Nilikuwa namwambia mtu kitu ninachokijua. Sasa, katikati ya mathenge na vumbi, nikaona kwamba ninachokijua ni cha asubuhi. Maneno ya suruali yalisemwa asubuhi. Uvimbe haukungoja ruhusa ya mtu. Nilikuwa nimemtoa mwanamume kwenye msiba wake, nikamvika suruali ya kanisani, nikampakia na matumaini yake na sufuria, na huenda nilikuwa nampeleka kwenye msiba ule ule, ila huko hana mtu wa kuketi naye. Kila nilipomtazama alikuwa anatabasamu kidogo, akisugua masizi ya sufuria kwa kidole gumba.

Kwenye kizuizi polisi alisoma kibali mbele na nyuma, akauliza sufuria ni ya nini. "Ya bibi yake," mpakiaji alisema. "Ukiishika utajua." Tukapita.

Lodwar tuliingia taa zikiwa zimeshawaka. Muuguzi alikuwa amesimama langoni mwa hospitali, mikono imekunjwa kifuani. Nilimtazama uso kutoka mbali, nikitafuta. Hakutabasamu. Alifungua mlango wa gari kabla sijasimama vizuri.

"Karibuni, karibuni," alisema kwa upole. Nilimchukia kwa upole ule.

"Usinikaribishe!" nilimwambia. "Niambie!"

"Nikuambie nini wewe! Daktari amevua koti, amevaa koti, amenifokea mbele ya watu kwa sababu yako. Nyinyi mlikuwa mnachunga mbuzi huko? Kimbieni!"

Sijawahi kufurahi kufokewa namna ile.

Alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu karibu na mlango wa thieta, uso umekuwa wa kijivu. Mumewe alikimbia mpaka karibu kisha akasimama wima, kama askari anayekaguliwa. Macho ya yule mama yalianza na suruali. Yalishuka hadi kwenye pindo, yakapanda. Yakafika kwenye sufuria, yakakaa hapo muda mrefu zaidi. Alinyoosha mkono akaingiza kidole ndani, akakitoa, akakitazama. Kulikuwa na ganda la haragwe.

Alisema kitu. Simu yangu ilikuwa imekufa mfukoni na haikuhitajika. Mume aliinamisha kichwa, akajibu kwa neno moja. Kisha yule mama akavua hereni zake, moja, nyingine, akamtilia kiganjani, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake. Akamwangalia muuguzi akaelekeza kidevu mlangoni. Twende.

Tuliketi kwenye benchi, sisi watatu. Mpakiaji alilala akiwa ameketi. Yule bwana hakulala. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama, na kila aliyetoka alipita bila kumtazama, naye akaketi tena. Nilitamani kumwambia kitu, nikamshukuru Mungu kwamba sina chaji.

Hatimaye muuguzi alitoka amevua kofia ya thieta. Alimwendea moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Amepona," alimwambia polepole, kwa sauti ya kubembeleza. "Mama anaendelea vizuri. Vizuri sana."

Bwana yule hakuelewa Kiswahili, lakini ile sauti aliielewa. Uso wake ulianza kukunjamana. Alinigeukia mimi.

"Sista," nilimwuliza muuguzi, "ameamka?"

"Ameamka."

"Amesema nini?"

"Nitajuaje? Ni Kifaransa." Aliusugua mkono wake wa kushoto. "Lakini nilipomgeuza alinipiga kofi hapa, na akaongea maneno mengi sana, na hayakuwa ya shukrani."

Nilimgeukia mume. Nikajipiga kofi mkononi, pale pale alipoonyesha muuguzi, nikachezesha vidole mbele ya mdomo wangu haraka haraka, nikakunja uso kama yule mama anavyoukunja akimkataa samaki.

Alinitazama. Akamtazama muuguzi, mkono ule anaousugua. Pumzi ilimtoka kama ya mtu aliyetua gunia. Akalala chali kwenye benchi, akaweka sufuria chini ya kichwa chake, na kabla muuguzi hajamaliza kusema neno, alikuwa anakoroma.